Ratili Saba za Karani wa Mizani

Jumatatu, 1 Machi 1954

Nimepimwa. Aibu tupu! Ratili mia mbili na sita. Mimi, Abbasi Kondo, karani wa mizani wa bohari ya mizigo hapa stesheni Tabora, mtu anayepima magunia ya watu kutwa nzima, leo nimepandishwa mizanini kama gunia la karanga. Hata kofia nilivuliwa.

Daktari Mzungu hakusema mengi. Alisikiliza moyo, akabonyeza tumbo, akaandika. Bernardo, dresa wake anayefunga vidonda, ndiye aliyenifasiria. Eti moyo wangu unahema kama injini ya mizigo inayopanda mlima. Eti kinachoniua ni sukari, mkate wa bofulo, maziwa ya kopo na samli. Nirudi tarehe 25. Nikiwa chini ya ratili mia mbili, napewa cheti cha afya. Nikizidi, hakuna cheti.

Bila cheti hakuna kazi ya kudumu. Bila kazi ya kudumu hakuna nyumba ya reli. Na nyumba ya reli ina bomba uani! Mke wangu Mwamvita anachota maji kisimani mwaka wa kumi na moja huu, ndoo kichwani, na goti lake la kushoto siku hizi linamuuma hata akiinama kuwasha moto. Siku ya harusi nilimwahidi bomba. Hajanikumbusha hata mara moja. Afadhali angenikumbusha.

Mimi nikikosa, nafasi ni ya Sylvester, karani mwenzangu. Mwembamba yule, akisimama kiubavu humwoni.

Jioni nilijipima mwenyewe kwa mizani ya bohari. Mia mbili na sita. Ajabu! Mizani mbili kuharibika siku moja.

Jumatano, 3 Machi

Sylvester kaja kazini na jivu kwenye paji la uso. Kwaresima imeanza. Kaniambia amejinyima vitu vitamu mpaka Pasaka, lakini shangazi yake haachi kumletea halua, na kuitupa ni dhambi. Akaniomba nimsaidie. Kipande kikubwa kama kiatu! Nikamwambia daktari amenikataza sukari. Akasema hii si sukari, hii ni halua. Nikaona kweli.

Mtu tunagombea nafasi moja na bado ananilisha! Moyo ulioje! Mwenyezi Mungu amzidishie.

Mchana nilikwenda kwa Bernardo kuuliza nile nini sasa. Akasema niachane na vya dukani, nile vya shamba, ninunue kwa wakulima wa hapa hapa. Ndiyo hayo tu? Mbona kazi nyepesi!

Saa kumi nikapanda baiskeli, nikazunguka mashamba ya kando ya mji. Nimenunua asali chupa tatu, karanga pishi mbili, samli kibuyu kimoja, miwa kumi. Vyote vya shamba! Hakuna hata kimoja kilichopita dukani. Mwamvita akatazama kikapu, akauliza mboga iko wapi. Nikamwambia tusianze kwa pupa.

Jumamosi, 6 Machi

Mia mbili na tisa.

Nimekula shamba siku tatu mfululizo na nimeongezeka ratili tatu! Nilikwenda kumlalamikia Bernardo. Akaniuliza nilikula nini. Nikamtajia. Akashika kichwa. Kisha akanieleza polepole, kama anamweleza mtoto: ugali wa mtama, mboga za majani, kunde, maboga, mtindi, mahindi ya kuchoma. Na nitembee kwa miguu. Asali kijiko kimoja, si chupa.

Huyu Bernardo ana hila. Mara ya kwanza angesema hivyo ningeelewa.

Nimerudi nyumbani na mawazo. Karibu nusu ya mshahara imeishia kwenye asali. Nikawa natazama dari, na mara akili ikaniwakia! Kwani ninunue kwa nini? Mimi si Mzaramo? Babu yangu mzaa baba alitoka pwani na msafara, akafika hapa, akachoka, akaoa. Nimezaliwa Tabora, siku nyingi husahau kama mimi Mzaramo, lakini damu ni damu. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi hizo za misafara! Mtani akiingia kwako akaona kuku, anachukua, na wewe unacheka. Ukinuna umejivunjia heshima.

Mji huu wote umezungukwa na mashamba ya Wanyamwezi. Kwa maneno mengine, mashamba yangu! Nimemweleza Mwamvita. Akasema kuna familia kule Ipuli, nje ya mji, watu wazuri, bwana anaitwa Lugembe na mkewe Marcelina, nianze na hao. Sikuuliza kawajulia wapi. Nashukuru kuoa mwanamke anayeniunga mkono.

Jumapili, 7 Machi

Ushindi!

Nilifika Ipuli wanatoka kanisani. Lugembe ni mtu mzima, mvi kidogo, mikono mikubwa, macho ya mtu anayetaka kucheka. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kabla hajanikaribisha kiti nikakamata jogoo. Nikatangaza kwa sauti kwamba mimi Mzaramo, mtani wake, na huyu jogoo ni wangu. Nikabeba na maboga mawili. Na fungu la majani ya kunde. Na mahindi mabichi, mengi.

Lugembe alicheka hadi akakaa chini. Akaniambia chukua, mtani, chukua. Akanisaidia hata kufunga jogoo nyuma ya baiskeli. Akauliza kwa upole ninakaa wapi mjini. Nikamwelekeza vizuri: nyuma ya msikiti, mlango wa kijani. Akauliza huwa natoka kazini saa ngapi. Saa kumi, nikamwambia.

Watu waungwana sana, Wanyamwezi. Unawaibia, wao wanakuulizia hali.

Jumanne, 9 Machi

Nimeporwa.

Nimetoka kazini, nimemkuta Lugembe barazani kwangu, amekaa kwenye kiti changu, na gunia mapajani. Majirani wamejaa. Akanyanyuka akatangaza kwamba yeye Mnyamwezi, mtani wangu, na amekuja kutembea. Akaingia ndani.

Alichukua debe la sukari. Akachukua mikate miwili ya bofulo, kopo kumi na moja za maziwa, jemu, biskuti, samli yote na asali iliyobaki. Nikafikiri yameisha. Lakini zilikuwepo kopo nane za akiba nyuma ya sanduku la nguo, ambazo hakuna azijuaye isipokuwa mimi. Mwamvita, maskini, kwa mshtuko, akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye sanduku. Hajui kuficha siri yule mwanamke. Akamletea na kamba ya kufungia gunia.

Nilitaka kupiga kelele. Majirani wananitazama. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikatoka machozi, na machozi yalikuwa ya kweli.

Kisha akachukua baiskeli! Nikauliza, kwa kucheka bado, nitaikomboa kwa nini. Akasema matuta thelathini ya viazi vitamu, shambani kwake, kwa mikono yangu. Naye ndiye atakayehesabu. Akaondoka akipiga kengele njia nzima.

Chakula cha jioni: majani ya kunde. Jogoo, maboga na mahindi vilishaliwa, nyumba nzima hakuna kitu kingine.

Jumatano, 10 Machi

Sylvester kaniletea halua. Nilikaribia kulia. Katika dunia ya wanyang'anyi, bado kuna mtu mmoja mwema. Nikaifunga kwenye karatasi, nikaitia mfukoni kwa ajili ya safari.

Ipuli kwa miguu ni saa nzima! Kwa baiskeli sikujua kama barabara ile ina mwinuko. Nimefika nimelowa jasho. Lugembe hakunipa hata maji kwanza. Alinipekua mifuko. Halua ikaenda kwa wajukuu, wakaigawana mbele ya macho yangu. Akanipa jembe. Akasema nimelishika kama mtu aliyeshika nyoka.

Nimelima matuta mawili. Marcelina akaja kukagua. Ni mama mfupi, mnene wa sauti. La kwanza akalipitisha. La pili akalisambaza kwa mguu, akasema hilo si tuta, ni kaburi la paka. Kwa hiyo moja. Yamebaki ishirini na tisa.

Baadaye akanitengea ugali wa mtama, mlenda na bakuli la mtindi. Sipendi mlenda. Nilikula mpaka nikaramba bakuli. Lazima kuna kitu wanatia.

Nikataka kujichukulia mboga za nyumbani, nikasema utani. Marcelina akanishika mkono. Akasema utani nimalizane na mumewe. Bustani ni yake, na mboga zake zinanunuliwa. Nikanunua mchicha na kunde kama mtu wa kawaida. Nikarudi nimebeba kikapu kichwani. Nimetukanwa na jirani mmoja tu.

Jumapili, 14 Machi

Siandiki mengi. Vidole havikunjiki.

Leo nilidhani Jumapili wanapumzika. Ndiyo, wametoka kanisani, wakala, wakapumzika kidogo, na mara majirani zao wakaja na majembe, watu kama ishirini, na ngoma. Zamu ya shamba la Lugembe. Tukapangwa mstari. Ngoma ikilia jembe linapanda, ikilia linashuka, na mstari wote unasonga mbele. Ukisimama, wa kushoto na wa kulia wanakuacha, na watu wote wanaona pengo. Sijapata kuona njia ya kikatili kama hii ya kulimisha watu wakiwa wanafurahi.

Wakatunga na wimbo. Wa Kinyamwezi, lakini jina langu nililisikia vizuri. Lugembe akanifasiria: Mzaramo huyu babu yake alikuja Tabora amebebwa. Nikakanusha. Akasema ndiyo, hadithi inajulikana. Babu yake Lugembe alikuwa mpagazi, kachukua mzigo wa vitambaa begani kutoka pwani, na siku nne za mwisho kambeba na Mzaramo mmoja mgonjwa wa miguu juu yake. Nikasema Wazaramo ni wengi. Akasema mwenye tumbo lile alikuwa mmoja.

Nilipiga hesabu ya kutoroka. Nikaomba ruhusa ya haja, nikaingia kichakani. Nikamkuta Marcelina anachuma uyoga. Akanirudisha.

Jioni tulikula pamoja, mikono ishirini, masinia matatu. Maboga, kunde, uyoga wa karanga. Wakanipa togwa. Mzee mmoja nisiyemjua akanimegea boga lake. Sijui kwa nini jambo lile limenikaa moyoni. Matuta yangu kumi na tatu yamekubaliwa. Nimerudi nikiimba ule wimbo.

Alhamisi, 18 Machi

Suruali imenianguka mbele ya mkuu wa stesheni na wafanyabiashara wawili wa nta. Nimeishika magotini. Fundi aliyeishona kaniuzia kitambaa kinachotanuka! Nitakwenda kumwambia.

Mambo mengine ya ajabu. Nimepanda ngazi za bohari nikiongea, na nimefika juu bado naongea. Zamani nilikuwa nafika juu nikiwa na neno moja tu, nalo ni ee. Na usingizi! Nalala moja kwa moja. Mwamvita anasema sikoromi tena. Siku ya kwanza aliamka kunitazama kama nahema.

Sababu naijua. Ni halua ya Sylvester. Ijapokuwa inaishia kwa wajukuu wa Lugembe, nia njema peke yake inatosha kumpa mtu nguvu. Sasa ananiletea vipande viwili kwa siku. Halafu anajali afya yangu kuliko ndugu: kila asubuhi ananitazama tumboni, uso wake umejaa wasiwasi. Leo aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia sijambo kabisa. Maskini, hakuamini, akaenda kununua vitumbua.

Lugembe amevila. Vyote vinne, amesimama.

Naandika hili kwa siri, na asilione mtu: mlenda wa Marcelina naupenda.

Jumatano, 24 Machi

Tuta la thelathini limepita! Marcelina alilizunguka mara mbili, akalipiga teke, halikubomoka. Akaitikia kwa kichwa tu. Kutoka kwake hiyo ni hotuba. Lugembe akasema kesho alfajiri ataniletea baiskeli mwenyewe mpaka mlangoni.

Sasa kesho. Kesho ndiyo kesho! Sijajipima tangu tarehe 6, kwa sababu mizani ya bohari siiamini. Nimeogopa wiki nzima. Leo Mwamvita alirudi kisimani, akatua ndoo, akakaa chini akilisugua goti, akadhani simwoni. Nikaondoka barazani nikaenda kusimama uani peke yangu.

Lakini sikuchezea kazi ya mizani miaka tisa bure. Nimepata mbinu! Gunia la pumba ni kubwa kuliko gunia la mchele, lakini ni jepesi. Kwa nini? Pumba ina hewa ndani. Basi mtu akijijaza hewa vizuri, akaibana, lazima awe mwepesi. Hii ni elimu, si ujanja. Nimefanya mazoezi jioni nzima. Mara ya sita Mwamvita alikimbia kuita jirani.

Alhamisi, 25 Machi

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa kumi na mbili asubuhi hodi. Nikajua ni Lugembe. Kumbe ni Sylvester! Amevaa vizuri, amebeba sinia limefunikwa. Eti mtu hawezi kwenda kwa daktari na tumbo tupu. Akafunua. Supu ya mbuzi yenye mafuta kidole kizima. Chapati sita. Halua. Birika la chai ya maziwa, tamu unaisikia kwa pua. Nilimkumbatia. Nikakaa. Nikachukua chapati.

Kengele ya baiskeli. Lugembe! Hakusema hata hodi. Akatangaza kwamba yeye Mnyamwezi, mtani wangu, na sinia hili ni lake. Akakaa kati yangu na chakula. Akaila supu, akazila chapati, akaila na ile niliyokuwa nimeishika. Sylvester akasema lakini hii ni zawadi ya Abbasi. Lugembe akamwambia asante kwa niaba yake. Mtu yule hajui aibu! Sylvester akaondoka bila kuaga, amekasirika kwa ajili yangu. Rafiki wa kweli.

Mvua ikaanza, ile ya Machi isiyo na adabu. Saa mbili natakiwa hospitali. Nikasema nitachelewa. Lugembe akaniambia nipande nyuma ya baiskeli. Baiskeli yangu mwenyewe! Akakanyaga kwenye tope, maji mpaka kwenye fito za gurudumu, mtu mzima yule, anahema, na tumbo limejaa supu yangu. Pale penye mwinuko nikasema nishuke. Akakataa. Akasema babu yake alimbeba babu yangu mpaka hapa, na yeye hataniacha njiani.

Nikakaza mikono kiunoni mwake.

Mizani. Nikavua viatu, kofia, koti. Nikavuta pumzi mpaka mbavu zikalia. Nikapanda. Bernardo akasogeza kidude. Akakisogeza tena. Akainama. Mimi macho yananitoka. Akasema niteremke nipande upya. Nikateremka, nikavuta nyingine.

Ratili mia moja tisini na saba!

Daktari akasikiliza moyo, akatabasamu, akatia sahihi. Bernardo akanipiga bega, akasema vya shamba vimefanya kazi. Nikamwitikia kwa heshima tu. Hajui habari ya pumzi.

Nje nikamkuta Lugembe amesinzia chini ya kibaraza, amelowa chapa chapa. Nikamwonyesha karatasi. Hajui kusoma, lakini aliishika kwa mikono miwili na kuitazama muda. Kisha akasema sasa jogoo wake nimemlipa. Mimi nikalia pale pale, mbele ya wagonjwa.

Jumamosi, 10 Aprili

Tumehamia! Vyumba viwili, jiko, ua, na bomba.

Mwamvita hakuingia ndani kwanza. Alikwenda moja kwa moja uani. Akafungua. Maji yakaja. Akafunga. Akafungua tena, akatia mkono, akafunga. Akaendelea hivyo muda mrefu, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso kwa kanga. Nikamuuliza vipi. Akasema nisimsemeshe, anasikiliza. Alhamdulillahi! Miaka kumi na moja. Hata kama kazi hii ingekuwa haina pensheni, ningekuwa nimelipwa leo.

Mchana wakaja Lugembe na Marcelina, wamebeba kikapu cha karanga mbichi na lile gunia. Gunia lile lile! Lugembe akalimwaga chini. Kopo zangu za maziwa kumi na tisa. Debe la sukari. Jemu. Biskuti. Samli. Asali. Kasoro mikate tu, ambayo ingeoza, basi waliwapa kuku. Hakijafunguliwa hata kimoja. Marcelina alivifunga kwenye majani visiingie sisimizi. Nyumba yenye wajukuu watano, na debe la sukari mwezi mzima, na hakuna aliyelamba!

Nilikaa chini. Nikamshika Lugembe mkono, nikasema asante, ndugu yangu. Akasema mtani, si ndugu, ndugu angekula.

Ajabu nyingine: imetokea kwamba Mwamvita na Marcelina wanajuana! Eti Marcelina anamuuzia mboga kila Jumanne mwaka wa sita sasa, na Bernardo ni mpwa wa huyo huyo Marcelina. Walikuwa wanatazamana na kuangua kicheko kila nikisema kitu. Tabora ndogo jamani. Bahati iliyoje kwamba niliangukia kwenye familia ile ile!

Tumekubaliana: kila wiki kikapu kimoja kutoka kwa Marcelina, tunanunua. Mtama, kunde, maboga, chochote kilichoiva. Nimeapa mbele yao wote kwamba sitakula tena vya kopo. Nashukuru kila mtu. Namshukuru Lugembe kwa kunibeba, Marcelina kwa mlenda, Mwamvita kwa subira, Sylvester kwa ukarimu. Na mapafu yangu.

Limebaki swali la zile kopo. Zimerudi, ziko pale, nyuma ya sanduku. Na kutupa chakula, kama alivyosema Sylvester, ni dhambi.

Jumanne, 27 Aprili

Maisha mazuri. Bomba linatoa maji. Goti la Mwamvita halijaacha kuuma, lakini anaimba akiosha vyombo.

Kopo zimeisha. Nimenunua nyingine chache, kwa ajili ya wageni.

Pasaka imepita na Kwaresima imekwisha, lakini Sylvester hajaacha kuniletea halua! Wema wa yule bwana hauna msimu. Ndiye pia aliyenijulisha habari ambayo mimi sikuwa naijua, kwamba sisi wa kudumu tunapimwa kila mwaka. Mwakani Machi, tena. Aliniambia kwa uso mkunjufu kabisa, akanikatia kipande kingine. Sina wasiwasi. Pumzi ninazo.

Kikapu cha Marcelina kinakuja kila Jumanne. Mwamvita anakula mboga. Mimi nakula asali. Na hiyo si ya shamba?

Suruali imenibana leo. Fundi yule! Nilimwambia kitambaa kinatanuka, kumbe kinarudi pia.

Basi jioni, bohari tupu, nikapanda mizani kwa kujifurahisha tu. Mia mbili na nane. Nikateremka. Nikavuta pumzi mpaka nikaona nyota, nikapanda tena. Mia mbili na nane!

Nimeshika kalamu hapo hapo. Nimemwandikia mkuu wa stesheni barua rasmi, nakala mbili, kwamba mizani ya bohari imeharibika kwa mara ya pili mwaka huu na inahitaji kubadilishwa. Nimetia sahihi: A. Kondo, Karani wa Mizani, wa Kudumu.